Katuni Isiyogeuzika

Haya yalimpata rafiki yangu Yuliana wa Lulindi, enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kuja imefungwa kwa magazeti ya Ulaya.

Mumewe alipofariki, wifi yake alimwambia, “Mama Danieli, picha zote zitazame ukuta mpaka arobaini.”

Yuliana akazigeuza, hata ile ya waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, iliyoachwa na wamisionari. Katuni ya mzee huyohuyo iliyokatwa kwenye gazeti la mitumba, tumbo mbele na sigara mdomoni, marehemu aliigandisha ukutani kwa uji wa muhogo. Haigeuziki; akaiacha.

Siku ya arobaini aliingia kuzirudisha picha. Gizani akasikia mtu anakohoa ukutani. Akawasha koroboi.

Katuni ilikuwa imeganda vilevile, kingo zote zimeshika. Ila mzee aliyechorwa sasa alionekana kisogo tu.