Kanyagio Lisilo na Hitilafu

Kiti-mbio cha Makoye Ng'wandu kilikuwa kinapanda milima ya Usagara kwa kasi ambayo gari la kweli lisingethubutu. Chenyewe hakikwenda popote. Kilisimama katikati ya ukumbi juu ya miguu yake ya chuma, kikiinama, kikiinuka na kutetemeka, huku Makoye amefungwa mikanda ndani yake, usukani mikononi na makanyagio matatu chini ya nyayo. Lakini katika kiwambo kilichozunguka dari nzima, watazamaji waliliona gari lake jekundu likikata kona za mlimani, na kila tairi lilipogonga jiwe, mwili wa Makoye uliruka nalo.

Wakati huo hakuna mtu Dodoma aliyekuwa akiendesha gari kwa mikono yake. Magari ya jiji yalijiendesha, yakajiegesha, yakajipeleka yenyewe kwa fundi. Watoto walikua bila kumwona mtu mzima akishika usukani, na labda ndiyo sababu mbio za viti zilipendwa kuliko hata mpira wa miguu. Watu walijaa ukumbini kumtazama binadamu akifanya jambo ambalo binadamu hakuhitajiwa tena kulifanya.

Nyemo Chidosa, mhandisi mkuu wa ukumbi, alikuwa akitazama kutoka karakana yake nyuma ya kioo. Aliliona gari jekundu likiikaribia kona iliyo juu ya daraja, kona ambayo Makoye alikuwa bingwa wake. Kila mtu alingoja apunguze mwendo. Hakupunguza. Gari liliparaza ukingo, likapaa, likaporomoka korongoni. Kiti kikatulia, na ukumbi mzima ukaguna.

Makoye alipofunguliwa mikanda hakulaumu mtu. Alimfuata Nyemo karakana, akamweleza kwa utulivu kwamba alikanyaga breki hadi mwisho na kanyagio halikujibu.

Nyemo alimwamini. Alikuwa na sababu ya kumwamini. Mwanzoni mwa msimu Makoye alilalamika kwamba usukani unamvuta kushoto, na wenzake wakasema hizo ni porojo za mtu aliyeanza kushindwa. Nyemo alipoufungua aliikuta nati inayoshikilia mota imelegea, kwa hiyo kila usukani ulipokazwa, katikati yake ilihama kidogo. Tangu siku hiyo alikuwa akilisikiliza neno la Makoye kuliko kompyuta zake.

Basi akaanza kazi. Kanyagio la kiti-mbio si kitu cha ajabu. Ndani yake mna chemchemi nzito, na chini ya chemchemi kuna kihisi kinachopima nguvu ya mguu na kuipeleka kwenye gari la kiwamboni. Vumbi likiingia, kihisi husoma ovyo. Waya ukilegea, breki huja na kupotea. Na kuna kile ambacho mafundi hukiita pengo bubu: ule mwanzo wa mkanyago ambao mashine huupuuza kwa makusudi, ili mguu uliopumzika tu usifunge breki. Pengo likipanuka, dereva hukanyaga na gari halisikii. Nyemo alisafisha, akabadilisha waya, akalipunguza pengo bubu, akalipima kanyagio upya kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaketi kitini yeye mwenyewe na kukanyaga. Gari lilisimama kama lililogonga ukuta.

Mbio zilizofuata, Makoye alianguka kona ileile. Nyemo akabadilisha kanyagio zima. Akaanguka tena. Mwishowe akamhamishia kwenye kiti kingine kabisa, cha dereva ambaye hajawahi kulalamika, na huko nako Makoye akasema breki haijibu.

Hapo Nyemo alishika tama. Hitilafu inayokaa ndani ya mashine haihami kiti kumfuata mtu. Aliipenda kazi yake kwa sababu ya mantiki kama hiyo, lakini safari hii hakupenda ilikokuwa inampeleka.

Asubuhi moja, ukumbi ukiwa mtupu, alimwita Makoye na kumketisha kitini bila kuwasha umeme. Akamwambia avue viatu, afumbe macho, kisha akanyage breki taratibu hadi mwisho na kumwambia akifika. Yeye alipiga magoti kando, akakiweka kiganja chake juu ya kanyagio, pembeni ya mguu.

"Nakanyaga," Makoye alisema.

Nyemo alisubiri. Kanyagio halikusogea.

"Nimefika mwisho, dada. Unaona? Halijibu."

Mguu wake ulikuwa umelala juu ya chuma, vidole vimelegea. Nyemo alimwambia afumbue macho. Makoye aliutazama mguu wake kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kitu cha jirani kilichoachwa nyumbani kwake. Kisha akaukaza, na kwa kuwa sasa alikuwa anauona, ukatii, na kanyagio likashuka hadi chini.

Nyemo alichukua bisibisi akaugusa unyayo kwa ncha yake, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Makoye hakushtuka. Hakuhitaji kuulizwa. Alieleza mwenyewe kwamba miguu ilianza kufa ganzi tangu msimu uliopita. Kwamba siku hizi hapandi ngazi bila kuitazama. Kwamba mkewe, Kabula, anadhani ni majivuno ya bingwa kutembea ameinamisha kichwa. Hakumwambia mtu kwa sababu kitini hakukuwa na shida.

"Ndani ya kiti miguu yangu naisikia," alisema. "Nasikia barabara, nasikia kokoto, nasikia lami ikiwa na joto. Nikitoka, hakuna kitu."

Nyemo akajua. Kila dereva alivaa soksi-hisi: soksi nyembamba zilizofumwa kwa nyuzi za umeme, zenye kazi ya kuupelekea mguu kila kinachotokea chini ya tairi. Haziutikisi mguu kama mashine za zamani. Huzungumza na neva moja kwa moja, kwa lugha ya neva zenyewe, hata dereva akaamini amekanyaga barabara ya Usagara pekupeku. Ndizo zilizoufanya mchezo uwe mchezo. Na kila msimu wamiliki waliziongezea nguvu kidogo, kwa kuwa madereva wenyewe waliomba hivyo, wakisema barabara imeanza kufifia.

Haikuwa imefifia barabara. Neva zilizokuwa zikipigiwa kelele kila siku zilikuwa zimeacha kusikia sauti ya kawaida, kisha zikaanza kuacha kusikia hata kelele. Sasa soksi zilimwambia Makoye kwamba anakanyaga, kwa sababu zilijua kwamba kwenye kona hukanyagwa. Zilimpa hisia ya mguu uliokanyaga, na mguu wenyewe ulikuwa umelala; akili yake ilikuwa imeizoea hisia hiyo hata umeme ulipozimwa.

Siku zile Nyemo aliwaita madereva wengine, mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kupima viti. Aliwafumbisha macho na kuwaambia wakanyage. Wengine walikanyaga vizuri. Wengine walisema wamefika mwisho na kanyagio halijasogea, huku sauti zao zimejaa uhakika. Daktari aliyemshauri alisema ncha za neva zikifa hazirudi, na kwamba baada ya miguu itakuwa zamu ya mikono, maana glavu za usukani zilifumwa kwa nyuzi zilezile.

Alikwenda kwa Bwana Hizza, meneja wa ukumbi. Hizza hakuwa mtu mkatili. Alipopewa habari alivua miwani, akauliza kama Makoye anapata maumivu. Nyemo alisema hapana, na hilo ndilo baya. Hizza akafikiri, kisha akauliza swali ambalo Nyemo alikuwa ameliogopa tangu alipogonga mlango: je, haiwezekani kihisi kikapandishwa juu, kikasoma nia ya dereva kwenye paja au kiunoni, ili mguu usihitajike kabisa?

Iliwezekana. Nyemo alijua hata jinsi ya kuitengeneza. Alimjibu kwamba mashine hiyo itaweza kuwabeba madereva hadi siku watakapokuwa vichwa tu vilivyofungwa mikanda, na hakuna mtazamaji atakayejua. Hizza alimwomba amalize msimu kwanza. Nyemo alisema atafikiri.

Makoye alimngoja nje ya ofisi. Alikuwa ameegemea ukuta, macho chini, akichunga mahali miguu yake ilipo.

"Itengeneze hiyo, dada Nyemo," alisema. "Nimemsikia Bwana Hizza kupitia mlango. Kwa nini unakataa?"

"Kwa sababu kila ukiketi mle unapoteza kingine."

"Kilichopotea kimeshapotea. Mle ndani ninacho bado. Wewe unataka kuninyang'anya hata hicho?"

Nyemo alirudi karakana, akaketi akiutazama usukani uliofunguliwa mezani, na kwa muda akatamani nati iwe imelegea mahali fulani, kitu cha kukaza kwa spana kisha aende zake nyumbani. Halafu akapiga moyo konde. Alizunguka viti vyote, akazing'oa nyaya za soksi na glavu, akazitia kwenye mfuko pamoja na soksi zenyewe, akazipeleka kwa wakaguzi wa afya wa jiji na kuwaeleza alichokiona. Kabla ya wiki kwisha ukumbi ukafungwa.

Hakuna aliyemshukuru. Hizza alimfuta kazi, na hilo alilitegemea. Hakutegemea kwamba madereva wangekuja nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu, wakasimama getini. Walidhani bado anazo soksi. Mmoja wao, mwanamke aliyewahi kumshinda Makoye mara nyingi, alimwambia kwamba hataki mbio wala sifa. Anataka azivae kidogo tu, atembee mpaka barabarani na kurudi, asikie ardhi. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Nyemo aliwaeleza kwamba hana, na hata angekuwa nazo asingewapa. Waliondoka wakitazama chini, wote kwa mwendo mmoja, wakichagua pa kuweka kila hatua.

Makoye hakuwa miongoni mwao. Baada ya muda Kabula alimpigia Nyemo simu na kumwomba afike, maana mumewe hataki kwenda hospitali na hamsikilizi yeye. Nyemo alimkuta Makoye ameketi kwenye kiti cha kawaida cha mbao karibu na dirisha. Kabula alieleza kwamba siku chache kabla, akioga, alitia mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya moto, wala hakujua anaungua mpaka alipoona ngozi inachubuka. Lilikuwa jeraha pana, lililoanza kutoa usaha.

Nyemo hakumlaumu, naye Makoye hakuzungumzia soksi. Alisema tu kwamba atakubali kufungwa dawa, ila hataki kuangalia, maana akiuangalia mguu ule huona kama unamtazama. Akageuza uso dirishani. Nje magari ya jiji yalikuwa yanapita kwa mstari, matupu ndani, kila moja likijua linakokwenda.

Nyemo alipiga magoti. Aliuweka mguu mapajani mwake, akauosha kwa maji ya chumvi, akaikata ngozi iliyokufa kwa mkasi mdogo. Ilikuwa kazi ambayo ingemfanya mtu yeyote apige kelele. Alipaka dawa, akazungusha bendeji, akaifunga fundo. Kabula alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Makoye bado alikuwa anatazama nje.

"Anza tu, dada," alisema. "Niko tayari."