Nani Atamwashia Moto Vrajlal?

— Andika Jignesh, wakili. Nyumba ni ya mwanangu.

Kokila alisimama mlangoni na sinia ya chai. Kumbe wakili Trivedi hakuja kumjulia hali mumewe mgonjwa, alikuja kuandika wasia!

— Na mimi je, Baba Jignesh?

— Utakaa Surat kwa mwanao. Mama anakosaje pa kukaa kwa mwanawe?

Vrajlal alisema hayo huku amejilaza kwenye bembea ya sebuleni, mbavu zikionekana mojamoja. Moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari wa mji wao wa Bhavnagar walishamaliza maneno.

Wakili alivua miwani.

— Mzee, usikimbilie. Ingekuwa mali ya ukoo, watoto wangedai fungu lao. Hii umeichuma kwa cherehani yako mwenyewe. Mpe umtakaye.

— Cherehani yake! Kokila alicheka kicheko kikavu. — Na vifungo vilijishona vyenyewe?

— Usinitie aibu mbele ya mgeni.

— Aibu? Nilipokwenda Surat kulea mjukuu, mkweo alinilaza roshanini na ndoo za kufulia. Kikombe changu kikatengwa, eti nakohoa. Jignesh aliona, akanyamaza!

— Mbona hukuniambia?

— Nikuue kwa maneno?

Vrajlal alifumba macho. Machozi yakapenya hivyo hivyo.

— Nisipompa nyumba hatakuja, Kokila. Nani atawasha moto wa maiti yangu? Baba asiyewashiwa na mwanawe, roho yake hutangatanga. Naogopa.

Kokila akanywea. Kumbe mumewe hakuacha kumpenda. Alikuwa ananunua moto, na bei yake ni paa la mkewe. Hasira ilimtoka, ikabaki huruma, nayo ikamuuma kuliko hasira.

Simu ya Vrajlal ikaita. Wakili akaipokea, akaongeza sauti ili wote wasikie.

— Bapuji, baba, wakili ameshaandika? Dalali ananisumbua.

— Dalali wa nini, Jignesh?

— Wa kuuza, Bapuji. Mimi nije kukaa Bhavnagar nifanye nini?

— Na mama yako?

— Tutampeleka Vrindavan, kwenye mahekalu. Wajane wenzake wamejaa huko, ataimba nyimbo za Mungu, atapata wali.

— Mjane? Vrajlal aliinuka, bembea ikalia. — Mwanaharamu we, mimi bado napumua!

— Basi mpe yeye hiyo nyumba! Na siku yako ikifika, moto awashe yeye!

Kokila aliinyakua simu.

— Nitawasha.

Simu ikakatwa. Punde ukaingia ujumbe: “Akifa msinipigie.”

Vrajlal aliusoma, akalia kwa sauti kama aliyefiwa.

— Wanawake hawaingii uwanja wa kuchomea maiti, Kokila.

— Waje wanizuie.

— Watu watakusema.

— Walinisema nilipompenda fundi nguo asiye na shati la pili. Nilikufa?

Mzee alijifuta uso kwa pindo la dhoti, nguo aliyojifunga kiunoni.

— Wakili, futa. Andika Kokila. Yote.

Trivedi aliandika, kisha akatoka kuwaita majirani wawili waje kushuhudia sahihi. Walipobaki peke yao, Vrajlal alimshika mkewe mkono, akaukandamiza kifuani pake, pale moyo ulipokuwa ukipigapiga ovyo.

— Utaweza kweli, mke wangu?

— Nitaweza, alisema Kokila. — Ila kazi hiyo usinipe upesi.