Ngazi Haikuvunjika

Kila asubuhi Yoeun alifunga kiunoni kotama, kisu chake cha kugemea, akapanda mivumo, miti mirefu ya jamii ya mnazi. Alikuwa mgema wa Kampong Speu, nchini Kambodia, kama baba yake. Maji matamu aliyoyateremsha, mkewe Sarom aliyachemsha mpaka yakawa sukari.

Yoeun alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mke wake wa kwanza alifariki bila kumzalia. Sasa Sarom, mke wa pili aliyekuwa bado kijana, alikuwa na mimba kubwa, na hiyo ndiyo mimba ya kwanza kuingia katika nyumba ile. Sokoni muuza mboga alimuuliza, "Baba yako hajambo?" Sarom akagusa tumbo lake. "Hajambo. Na baba wa huyu ni yeye huyohuyo." Wanawake wakacheka sana.

Yoeun aliposimuliwa alicheka pia. Kisha akahesabu miaka. Mtoto huyo akianza shule, yeye atakuwa anakaribia sitini.

Siku hizo kichwa kilimuuma, na akiwa juu ya mti alisikia kizunguzungu. Hakushtuka. Alisema ni upepo umemwingia mwilini, kama kila mtu kijijini anavyosema. Sarom alimpaka mafuta mgongoni, akamkwaruza kwa sarafu ili kuutoa upepo huo, mpaka ngozi ikawa na mistari myekundu. Yoeun akaona nafuu, akasokota tumbaku, akavuta, akapanda tena.

Siku ya kliniki alimsindikiza mkewe. Mkunga Nary alimpima Sarom presha, akaona iko sawa. Kisha akamtazama Yoeun, aliyekuwa ameshika ukuta.

"Mjomba, hebu kaa hapa."

"Mimi sina mimba, mwanangu."

"Na mkono pia huna?"

Yoeun akakaa. Nary akampima, akamwacha apumzike, akampima tena. Presha ilikuwa juu sana. Alipomuuliza kama amewahi kupewa dawa, Yoeun alijibu kwa fahari kwamba alipewa mwaka uliopita na bado anazo. Humeza kidonge kichwa kikiuma, kikipoa anaacha, ili zisiishe.

"Hapo ndipo unapokosea," Nary alisema. "Presha haingoji kichwa kiume. Inaharibu moyo, figo na ubongo, na wewe unajiona mzima. Sarafu inakwaruza ngozi tu, mjomba. Kwenye mishipa haifiki."

Akaeleza kwamba tumbaku inaibana mishipa hiyo. Chumvi nayo inapandisha presha, na prahoki, yaani samaki wa kuchachushwa wanaoliwa kila mlo, imejaa chumvi. Mwisho wake huweza kuwa kiharusi.

"Kikikupata juu ya mvumo, je?"



"Baba yangu alianguka mtini akafa," alisema Yoeun. "Watu walisema ngazi ilivunjika. Mimi nilikuwa mtoto, na mimi ndiye niliyemkuta. Ngazi haikuvunjika. Ilikuwa nzima, imefungwa kwenye mti."

Sarom hakuwahi kulisikia jambo hilo. "Naye alikuwa akikwaruzwa kwa sarafu?"

"Mara kwa mara. Mama ndiye aliyemkwaruza."

Nary akakunja kipimo chake. "Siwezi kujua kilichomwangusha marehemu, mjomba. Lakini kinachotaka kukuangusha wewe nimekiona leo."

Siku hiyohiyo daktari wa kituo alimwandikia dawa. Alimwambia ameze kila siku, aumwe asiumwe, arudi kupimwa, na asipande mti mpaka aruhusiwe. Lilikuwa jambo gumu, maana msimu wa sukari ulikuwa umepamba moto. Yoeun akampa shemeji yake Phon kotama.

"Shemeji, unastaafu hata kuzaa hujazaa?" Phon alimtania.

"Wewe panda. Mimi kuna mtu namngoja."

Sarom alipunguza prahoki, akaongeza mchaichai na ndimu. Yoeun alisukuma sahani, akasema hicho ni chakula cha wagonjwa.

"Basi ukile kabla hujawa mgonjwa," Sarom alisema, akairudisha sahani mbele yake.

Tumbaku ndiyo iliyomtesa zaidi. Aliiacha, akairudia, akaona aibu. Nary alimwambia aache tena, kwani wengi hawaiachi kwa mara moja. Akaacha tena. Na ili asisahau dawa, alimeza kidonge kila asubuhi Sarom alipowasha jiko.

Presha ilishuka polepole. Mvua zilipoanza, Sarom alijifungua salama mtoto wa kike. Yoeun alimpokea kwa mikono miwili.

Baadaye daktari alimruhusu kupanda, lakini yeye alichagua mivumo mifupi tu. Ule mrefu wa baba yake alimwachia Phon.

Sasa binti yake anatembea. Akiona moshi wa jiko asubuhi, humletea baba yake kikombe cha maji, nusu yamemwagika njiani. Yoeun humeza kidonge chake, hata siku anazojisikia mzima. Hasa siku hizo.