Sekela Aihifadhi Injini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sekela alipitia kwenye mashine ya kusaga ya Bwana Umakant, pale Mbeya mjini, kumpelekea baba yake uji. Miaka ya nyuma alikuwa akimkuta amekunja mikono ya shati, akichochea kuni chini ya boila la injini ya mvuke. Injini hiyo ilitoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, na kwa miaka kumi na minane ndiyo iliyosaga mahindi ya nusu ya mji. Mwaka 1954 ikaja injini ya dizeli, na Asukile, baba yake Sekela, akapewa ufagio wa kufagia pumba. Mtu aliyezoea moto akishikishwa ufagio, hata maneno yake hupoa. Nyumbani Asukile alikula, akanyamaza, akalala.

Ndiyo maana wote walifurahi Bwana Umakant alipotangaza, miaka miwili baadaye, kwamba ile injini kongwe haitatupwa. Itasimamishwa juu ya jukwaa la mawe mbele ya mashine, watu waione, na Asukile ndiye atakayeitunza na kuwaeleza wageni habari zake. Lakini kulikuwa na sharti. Bharat, ndugu yake Bwana Umakant, alifanya biashara ya vyuma chakavu kule Iringa, na lori lake lingefika Mbeya Jumamosi baada ya Pasaka. Injini ikiwa haijasimama siku hiyo, ingepakiwa, na Asukile angebaki na ufagio wake.

Fundi Liberatus, Mhehe wa Mlandege, akaja kutoka Iringa akaifungua injini yote ili ihamishiwe jukwaani, vipande arobaini na viwili. Kila kipande alikiandika namba kwa chaki. Akavipanga kwa safu juu ya magogo uani, akavifunika kwa turubai, kisha akarudi Iringa kufuata bolti mpya. Siku hiyohiyo Asukile akaitwa Rungwe kwenye msiba wa shangazi yake, akaondoka mbio hata hakumaliza uji.

Bwana Umakant alipenda sana Kiswahili cha magazetini. Palipotosha neno dogo, yeye alitafuta kubwa. Akamwita Sekela, akamkabidhi kopo la grisi na matambara.

"Baba yako hayupo," akamwambia. "Kazi ya kuihifadhi injini ni yako. Kila kipande, hata kile kidogo kabisa."

Sekela akaitikia, lakini kichwani mwake mlikuwa na ukungu kama wa asubuhi ya Juni. Kwao walizungumza Kinyakyusa, na neno hilo kuhifadhi alilijua kutoka shule ya Jumapili tu. Mwalimu akisema, "Hifadhini mstari wa leo," maana yake ukariri mstari mpaka uweze kuutamka umefumba macho. Sasa, injini nayo hukaririwa? Na grisi ni ya nini? Alitaka kuuliza, ila Bwana Umakant alikuwa amekwisha kuwageukia wateja. Tena mwanafunzi wa darasa la tano aulizeje maana ya neno alilolisikia kila Jumapili? Akaona haya, akaondoka na kopo lake.

Basi kila alasiri alifunua turubai, akakariri. Namba moja, gurudumu kubwa. Namba mbili, ekseli. Majina aliyajua tangu utotoni, kwa kuwa baba yake alimtajia vipande vya injini kama wengine wanavyowatajia watoto ukoo wao. Mzee Sedekia, mlinzi, alimtazama akitikisa kichwa, asiweze kuelewa kama mtoto anasali au anaugua.

Siku ya nne mvua ya masika ikashuka yeye akiwa namba thelathini. Akakimbilia barazani, na ilipokatika akasimama mbele ya turubai lililolala chini, akajiuliza kama alirudishe. Injini iliyoishi kwa kunywa maji, mvua itaifanya nini? Akaliacha palepale. Wiki hiyo hakurudi tena uani, kwani namba zote zilikuwa zimeshaingia kichwani, na alijisikia fahari.

Jumanne baada ya Pasaka, Asukile na Fundi Liberatus walirudi. Bwana Umakant akawaongoza uani, na Sekela nyuma yao, tayari kusifiwa. Akakuta vyuma vyote vimegeuka vyekundu. Bado hakujua kosa liko wapi.

Bwana Umakant akamfokea Mzee Sedekia. Akasema kwamba ni yeye aliyelivuta turubai ili afunikie kuni zake, na kwamba mlinzi wa namna hiyo hana kazi hapa. Mzee alibabaika, akaapa, akaanza kutetemeka mikono. Sekela alimtazama. Angenyamaza, mambo yangepita juu yake kama upepo. Lakini mikono ile ya mzee ilimshinda.

"Turubai nililitoa mimi," akasema.

"Wewe? Si nilikwambia uihifadhi injini?"

"Nimeihifadhi, Bwana."

"Umeihifadhi, na kutu yote hii?"

"Nimeihifadhi yote." Machozi yalimlengalenga, akafumba macho. "Namba moja, gurudumu kubwa. Namba mbili, ekseli. Namba tatu, mkono wa pistoni…"

Asukile akamtazama Bwana Umakant, Bwana Umakant akamtazama fundi, na Mzee Sedekia akawatazama wote. Hakuna aliyemwelewa mwenzake. Sekela alifika namba kumi ndipo baba yake alipomwuliza taratibu, kwa Kinyakyusa, kuhifadhi ni kufanya nini. Alipojibiwa akajipiga paja, asijue acheke au alie.

Fundi Liberatus hakucheka. Alikuwa akipita kati ya magogo akiinama kwenye kila chuma, kisha akakaa kitako. Mvua ilikuwa imeifuta chaki yote.

"Kosa ni langu pia," akasema. "Namba hugongwa kwa patasi, haziandikwi kwa chaki. Nilikuwa na haraka. Kutu tutaisugua, lakini bila namba, siku nne hazitoshi." Akainua kikombe kidogo cha shaba. "Hebu, binti. Hiki ni namba ngapi?"

"Kumi na saba. Kikombe cha mafuta. Kinafuata baada ya zile bolti nne zinazofanana."

Tangu hapo kazi ikawa moja. Walisugua kwa msasa na mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka, na safari hii Sekela alijua grisi ni ya nini. Fundi aliuliza namba, Sekela akajibu, Asukile akafunga nati. Mzee Sedekia alishikilia turubai juu yao kila mvua ilipotishia.

Jumamosi lori la Bharat lilipofika, injini ilikuwa imesimama juu ya mawe. Asukile alilisukuma gurudumu kubwa kwa mkono, pistoni ikaenda na kurudi bila kukwaruza. Bharat aliizunguka mara mbili, akagonga hapa na pale, mwisho akapakia mapipa matupu akaenda zake. Asukile akacheka kwa sauti, kitu ambacho Sekela hakukisikia kwa miaka miwili.

"Mwanangu," akasema, akipangusa mikono, "ungenyamaza, Mzee Sedekia angefukuzwa, nasi tusingejua kwamba namba zimo kichwani mwako. Ukweli wako ndio uliotuokoa. Lakini kumbuka na hili. Neno usilolielewa ni boila usilolijua. Uliza kwanza, ndipo uwashe moto. Kuuliza si ujinga."

"Nimesikia, Taata."

Bwana Umakant akasogea, amefurahi, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia. Akasema kwamba kuanzia leo Asukile na binti yake wana kazi moja kubwa, nayo ni kuienzi injini hii.

Sekela akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Bwana, kuienzi ndiyo kufanya nini?"

Bwana Umakant akafungua kinywa, akakifunga, akakuna kichwa. Kisha akamgeukia Asukile na kumwuliza yeye.