Kasema Nini Kuhusu Mtaro?

Asubuhi, kabla hajawasha jiko, Mwanakombo alitoka nje kuangalia mtaro. Ndivyo alivyofanya kila siku. Mtaro ulipita mbele ya mlango wake, hapo Kunduchi, upande wa ndani, mbali na hoteli za ufukweni. Ulijaa mchanga, chupa za plastiki na maji meusi yasiyokwenda popote. Aliutazama, akasonya, akarudi ndani kumpelekea mama yake chai.

Mama yake, Bi Zuena, alikuwa hatembei. Miguu ilimgomea mwaka juzi. Alikaa kitandani, na habari zote za mtaa alizipata kwa masikio. Masika iliyopita maji ya mtaro yaliingia chumbani mpaka kwenye godoro. Majirani walimtoa mzobemzobe. Alilowa, kifua kikambana, akalazwa hospitali muda mrefu. Daktari alimwambia Mwanakombo waziwazi: kifua hiki kisilowe tena.

Tangu hapo Mwanakombo alikuwa na hofu moja tu. Mtaro uzibuliwe kabla ya masika, la sivyo atampoteza mama yake.

Kazi yake ilikuwa kukaanga samaki. Alinunua vibua pwani, akavikaanga kibarazani, na watu wakala hapohapo kwenye benchi. Basi kampeni za serikali za mitaa zilipoanza, siasa zote zilipita kwenye karai lake.

Wagombea wa uenyekiti wa mtaa walikuwa wawili. Mmoja ni Bwana Lusungu, mtu wa suruali ya kupigwa pasi. Aliongea taratibu mno, watu wakapiga miayo. Wa pili ni Mwishehe. Huyo sasa alikuwa mtu wa watu, upende usipende.

Mwishehe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Gari pia alikuwa nalo, ila kampeni zilipoanza gari lilibaki nyumbani. Alitembea kwa miguu, na miguuni alivaa ndala za bluu, zile za kuogea.

"Mie mtu wa ndala," alisema kila mahali. "Ndala zangu na zenu ni zilezile."

Alikaa kwenye benchi la Mwanakombo, akala kibua kwa mkono na kunyonya kichwa mpaka mifupa ikabaki myeupe. Alimwita "mama yangu," ingawa kwa umri yeye ndiye mkubwa. Watu walimpenda. Wakaanza kutundika ndala kwenye milango yao, kuonyesha kuwa wako naye.

Siku moja alikuja na koleo, na vijana wenye simu nyuma yake. Aliingia mtaroni na ndala zake, akachota tope, akaliweka pembeni. Vijana walipiga picha. Mwanakombo alisimama kando yake akicheka, machozi yanamlengalenga kwa furaha. Jioni ile picha ilikuwa kwenye kila simu ya mtaa.

Mwanakombo aliinama chini ya kitanda, akatoa ndala za mama yake. Zilikuwa mpya. Zilinunuliwa muda mfupi kabla miguu haijagoma. Akazitundika mlangoni.

"Mama, Mwishehe kaingia mtaroni mwenyewe," alisema.

"Kasema nini?" Bi Zuena aliuliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mtaro. Utazibuliwa lini?"

"Kachimba, mama. Kwa mikono yake."

"Koleo nimelisikia. Chai yangu haikuwahi hata kupoa. Nakuuliza kasema nini."

Mwanakombo alijifanya anatafuta kitambaa cha jiko.

Siku chache baadaye mvua ya vuli ilinyesha kidogo. Tope lililowekwa pembeni lilirudi lote mtaroni, na maji yakapanda mpaka kizingitini. Mwanakombo alichukua ndoo, akaanza kuteka na kumwaga. Jirani yake, Mwalimu Demetria, alikuja kumsaidia. Alifundisha shule ya msingi, na alipanga chumba nyumba ya pili.

"Sasa si alichimba hapa, Mwalimu?" Mwanakombo aliuliza.

"Alichimba mlangoni kwako, dada. Maji yamezibwa kule chini, kwenye kalavati, pale mtaro unapopita chini ya barabara. Ukichimba huku bila kuzibua kule, unajitengenezea bwawa."

"Kwani Mwishehe hajui?"

"Mie sijui kama anajua. Ulimuuliza?"

Mwanakombo alitua ndoo. "Nimuulize nini jamani? Mtu anakaa na sie, anakula na sie."

"Ni jambo zuri. Mie mwenyewe ananichekesha. Lakini mtu wa kula naye kibua huna haja ya kumpigia kura. Utakula naye tu."

Mwanakombo aliokota tena ndoo. "Hivi mwenyekiti wa mtaa kazi yake hasa ni nini?"

"Anaitisha mikutano ya wakazi. Pale mnasema shida zenu, na mapato na matumizi ya mtaa yanasomwa mbele yenu. Shida inayowazidi nguvu anaipeleka kata, kwa diwani na watendaji. Ile mnayoiweza, anawakusanya mnaifanya. Kalavati ni la barabara, hawezi kulivunja kwa amri yake. Kwa hiyo mtu akikwambia atafanya, muulize ataanza na nini, na lini. Muulize pia nyie mtajuaje kama kafanya."

"Unataka nimpe Lusungu?"

"Sijasema hivyo. Muulize na yeye. Kura ni yako, mie sitaki hata kuijua."

Mwanakombo alikwenda kwanza kwa Bwana Lusungu. Lusungu alimjibu kwamba ataitisha mkutano, ila kuhusu kalavati hajaenda kuangalia. Alisema ataenda. Hakusema lini.

Halafu akaenda kwenye mkutano wa Mwishehe, uwanjani. Alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti.

"Kaka Mwishehe, ule mtaro wetu utaanza nao vipi?"

Mwishehe alinyanyua mguu, akaonyesha ndala yenye tope. "Mama yangu, mtaro ule tunajuana. Mwenzake huyu amebaki humo humo. Nikishinda, nitarudi kumfuata."

Uwanja mzima ulicheka. Vigelegele vikapigwa. Mwanakombo naye alicheka mpaka akashika mbavu, na bado alikuwa anacheka alipofika nyumbani.

"Kasema nini?" Bi Zuena aliuliza.

"Kasema ndala yake moja imebaki mtaroni."

"Ehe. Halafu?"

"Atarudi kuifuata."

Bi Zuena hakucheka. Hakuona mguu ulivyonyanyuliwa, wala hakusikia vigelegele. Alisubiri. Mwanakombo alijipekua kichwani, akatafuta neno jingine la kumpa mama yake. Hakulipata.

"Umekwenda kwa niaba yangu na yako," Bi Zuena alisema. "Wenzako wamecheka. Mie nimebaki na nini?"

Mwanakombo aliona aibu. Baada ya aibu akapandwa na hasira, na hakujua amkasirikie Mwishehe au ajikasirikie mwenyewe. Alitoka, akatungua ndala mlangoni, akazirudisha chini ya kitanda.

Siku ya mwisho ya kampeni Mwishehe alirudi uwanjani. Mwanakombo alikuwa mbele, na khanga kaifunga vizuri. Akaomba kipaza sauti, akapewa.

"Kaka, mie ni yule wa kwenye picha," alisema. Watu wakacheka. Akawasubiri wamalize. "Ndala zako sie tumeziona. Nina mama yangu ndani, hatembei, yeye hajaziona. Nikifika ataniuliza umesema nini. Nimwambie utaanza na nini, na lini?"

Mwishehe alitabasamu. "Mwambie mama, mwanawe wa ndala..."

"Hilo halitamsaidia, kaka. Kifua chake hakitaki maji."

Mwanakombo hakurudisha kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili.

"Mjibu," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

Mwishehe aliangalia chini. "Kwa kweli sijui maji yanazibwa wapi," alisema.

"Kalavatini," watu kadhaa walijibu kwa pamoja.

"Basi nisikilizeni. Nikichaguliwa, Jumamosi ya kwanza baada ya kuapishwa naitisha mkutano hapahapa. Tutakwenda pamoja mpaka kwenye kalavati. Litakalotushinda nitalipeleka kata, na nitarudi kuwaambia nimejibiwa nini."

"Asante," Mwanakombo alisema. "Hilo nitamfikishia."

Alipofika nyumbani alilisema lote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Bi Zuena alimtaka arudie ile Jumamosi. Akarudia.

"Haya," Bi Zuena alisema. "Hilo nimelisikia."

Siku ya kupiga kura, majirani walimbeba Bi Zuena kwenye kiti. Walipofika kituoni alipishwa mbele ya foleni. Mama alipiga kura yake, binti akapiga yake. Walirudi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Mwishehe alishinda. Wapo waliompa kura kwa ajili ya ndala, na wapo waliompa kwa ajili ya jibu. Karatasi haisemi.

Jumamosi ile mwenyekiti mpya alichelewa. Huenda alidhani watu wamesahau. Alipofika uwanjani aliwakuta wamekaa wanamsubiri, na Mwanakombo kakaa mbele. Ikabidi mkutano uanze.

Waliteremka wote mpaka kwenye kalavati. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na mchanga, matairi na viroba vya taka. Wakazi walipanga siku, wakazitoa taka hizo wenyewe. Chini yake wakakuta kipande cha kalavati kimevunjika, na hicho kiliwashinda. Mwishehe alilipeleka suala kata. Aliporudi hakuwa na jibu, na alisema hana. Mkutano ukamrudisha tena. Mwaka mpya ulipoanza tu, mafundi walikuja, wakabadilisha kipande kile.

Siku ya kutoa taka Mwishehe alivaa mabuti ya mpira, kwa sababu kalavatini mlikuwa na chupa zilizovunjika. Hakuna aliyempiga picha. Kila mtu alikuwa na koleo mkononi.

Masika ikaingia. Mvua kubwa ya kwanza ilipiga bati tangu alfajiri. Mwanakombo alikaa kando ya kitanda cha mama yake, ndoo iko tayari. Baadaye alichungulia dirishani.

"Mwenyekiti huyo anapita," alisema. "Siku hizi anavaa mabuti, mama."

"Mie sijakuuliza kavaa nini," Bi Zuena alisema. "Maji yanapita?"

Mwanakombo alifungua mlango, akautazama mtaro kwa muda.

"Yanapita, mama."

"Basi funga mlango. Baridi inaingia."