Nilikaa Eda, Mwenzangu Akaandikisha Nyumba

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mmoja. Sina mume, sina mtoto, na katika nyumba niliyoolewa analala mwanamke mwingine. Nawaandikia kwa hasira, siwafichi. Atakayeniambia nisamehe, kwanza anyang'anywe yeye!

Nyumba yenyewe iko Busia, katika mtaa wa zamani nyuma ya soko. Vyumba sita vya udongo, mabati yenye kutu, choo kimoja uani. Ilijengwa kabla ya Uhuru. Wengi waliidharau kwa sura, lakini kutoka mlangoni hadi kizuizi cha mpakani ni mwendo wa dakika kumi tu. Miaka ile ya sabini watu walikuwa wakivuka kwa wingi kutoka Uganda, na chumba hakikukaa wazi hata siku mbili.

Mume wangu, Juma, aliuza vitambaa. Mimi ni mtu wa Marachi. Nilisilimu ili anioe, na watu wetu wakanitupa kwa sababu hiyo. Juma naye hakuwa na ndugu upande huu. Basi ndugu yangu akawa Mwanaidi, mpangaji wetu wa chumba cha mwisho. Yeye alizaliwa Mwislamu, ndiye aliyenifundisha hata kutawadha. Nilimpenda... Mungu anajua nilimpenda!

Juma alifariki ghafla. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Mwanaidi akanieleza kwamba mjane haruhusiwi kuvuka mlango wa mbele hata mara moja, kwamba akitoka, marehemu anateseka kaburini. Ningejuaje mimi? Nilitii.

Mwezi wa tatu wa eda likaja tangazo. Baraza la mji linapima mtaa wetu upya, kila mwenye nyumba aende ofisini na karatasi zake aandikwe. Asiyeandikwa hana ploti.

Nililia. Mwanaidi akanishika bega.

"Dada, wewe kaa na eda yako. Mimi nitaenda kukuandikisha. Nipe tu karatasi."

Nikampa bahasha nzima, karatasi za nyumba pamoja na cheti cha ndoa. Asubuhi ile akafunga mlango kwa nje kwa kufuli letu. Alisema ni ili wanaume wasinichungulie. Nikamwambia asante kupitia dirishani.

Jioni akarudi, akanipikia wali. Nilipouliza bahasha, akasema imebaki kwa karani. Nikala, nikashiba, nikamwombea dua...

Siku eda ilipoisha nilioga, nikavaa nguo safi, nikaenda ofisini. Karani akafungua daftari.

"Hii nyumba iko na mwenyewe, mama. Bibi ya marehemu alikuja hapa na karatasi za nyumba. Cheti cha ndoa alisema kimepotea, akaleta mashahidi wawili."

Jina lilikuwa la Mwanaidi! Mashahidi walikuwa wapangaji wangu, watu niliowapa uji matanga yakiwa bado hayajaanuliwa. Kumbe wapangaji wote walijua. 

Nilimkuta Mwanaidi barazani, amekalia kiti cha Juma. Hakuinuka.

"Dini wewe umevaa juzi tu," akaniambia. "Rudi kwenu Marachi."

Nikakimbilia kwa sheikh aliyetuoza. Alikuja nami ofisini kunitetea, lakini tukaambiwa daftari limeshapelekwa mbele, niende mahakamani. Kwa wakili gani? Njiani sheikh akaniuliza kwa nini sikwenda mwenyewe siku ya kuandikwa. Nikamwambia nilikuwa edani.

"Binti yangu, nani alikukataza? Mwenye eda hutoka mchana kwa jambo la lazima, jioni anarudi kwake."

Niliketi chini barabarani, na nguo zangu safi. Nyumba ya sheikh ni ya nne kutoka kwangu. Miezi minne yote sikutuma hata mtu mmoja kumuuliza!

Sasa naishi Malaba, nafulia madereva wa malori. Akina dada, nawasihi. Ukiolewa katika dini au ukoo usio wako, usijifunze sheria zake kwa mdomo mmoja. Uliza wa pili, uliza wa tatu, hasa kama mdomo huo unalala chini ya paa lako. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wangu nilimvisha mwenyewe.

Nikienda Busia hupita pale. Kufuli lile bado liko mlangoni. Nililinunua mimi.