Upande wa Ukutani

Bisha uone. Wenzako walibisha hapa hapa, wakaishia kuomba kusindikizwa chooni. Mimi shule niliiacha mapema, lakini injini ya gari naibeba kifuani, na sijawahi kumkimbia kiumbe mwenye miguu. Huyu miguu yake sikuiona.

Baba alikuwa anakufa. Hospitali walisema imebaki dawa ya maumivu tu, turudi naye nyumbani. Dada yangu mshonaji akafunika cherehani, akamuuguza peke yake. Mgonjwa asiyejiweza lazima ageuzwe, la sivyo mgongo unaota vidonda, na kumgeuza ni kazi ya wawili: shuka linapita chini yake, mmoja anavuta huku, mwingine anasukuma kule. Mimi nilikuwa gereji, najisifu. Mchana mmoja dada, hoi kwa uchovu, akasema kama walivyosema manesi, "Haya, vuta."

Shuka likavutwa.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema, macho kayafumba.

Hiyo ahsante ndiyo iliyotuponza. Kitanda kilikuwa kimegusa ukuta. Upande ule hapiti hata paka.

Siku nesi wa kuzungukia majumbani alipokuja, nilikuwepo. Akamkagua baba. "Ngozi safi! Nani anakusaidia?"

"Si ni huyu hapa, mdogo wangu."

"Mimi? Dada, mikono hii inajua spana tu."

Baba akanong'ona, "Huyo wa ukutani ana mikono ya baridi. Kila siku ananisogeza kwake."

Chumba kikanuka udongo mbichi. Kucha zikakwaruza ukutani, taratibu, kisha shuka likakazika lenyewe, baba akaanza kuteleza kuelekea kule kusikokuwa na mtu, na dada akaling'ang'ania kwa mikono miwili, naye akiburutwa, mpaka vidole vyake vikagusa plasta nami kwa macho yangu nikaviona vinazama kama kwenye uji.

"Achia, dada!"

"Nikiachia anakwenda naye!"

"Wewe mbeba injini," nesi akanikemea kwa sauti ya chini, "unamtazama? Ingia kule. Mwambie mtu wa upande huo amepatikana."

Nikavuta kitanda, nikajibana ukutani. "Mtu amepatikana," nikasema. "Ni mimi."

Shuka likalegea. Dada akaanguka, akalala pale pale sakafuni. Nesi akamfunika kanga. Tangu siku hiyo tulimgeuza wawili, kukesha tukapokezana. Baba alikata roho polepole, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Haya, cheka. Ila kuna kipande nimekiruka. Kabla hakijaachia, kile kitu kiliniuliza sikioni, "Na wewe, siku yako, nani atakushikia upande wa pili?"

Nami kwa mdomo wangu huu nikajibu, "Sihitaji mtu."

Naishi peke yangu, unajua. Jana nililala chali. Leo nimeamka nimegeuziwa ukutani, shuka limenyooshwa vizuri.

Mbona unasimama? Kaa kwanza. Au basi, nisindikize.